Namba na Goti

Kopo lilikuja Amu,
latoka kwake Hashimu
Doha, pamwe na salamu:
ati kwa goti ni dawa.

Goti langu la kulia
kila ngazi hunilia,
usiku huniwakia
kama chuma cha kufuwa.

Mwana kanena simuni:
“Mama, una moto ndani,
na kutu iko mwilini,
hivi vyaja kuondowa.”

Nikaenda kwa Shufaa,
muuguzi wa mtaa;
mkononi akatwaa
damu, apate kujuwa.

Nikavimeza kwa chai,
robo mwaka, sikatai.
Goti bado liko hai,
ngazini laniumbuwa.

Shufaa apima tena,
karatasi aiona:
“Namba imeshuka, nana,
kidogo imepunguwa.”

Hamuliza, “Hiyo namba
ndiyo goti la kuvimba?
Yapanda ngazi za nyumba,
au nawe hujajuwa?”

Akakaa. Akasema,
“Damu hunena mapema;
goti halikuzisoma
namba tulizochukuwa.”

Kopo tupu natilia
hina. Simu ikilia
ni yeye; namwitikia:
“Namba yangu iko sawa.”