Toleo la Tatu, Bila la Kwanza

Limekuja tena, ndani ya nailoni,
na nimelishika kama kitu kilichotoka kwenye jokofu.
Najua ni uongo, posta ya Mtwara ni tanuri,
ila jalada lina barafu, na mkono huamini macho.

Jarida la Mito Iliyoganda. Juzuu ya arobaini na moja,
toleo la tatu.
La kwanza hatunalo. La pili hatunalo.
Hatukuliagiza, hatukulilipia,
wala hatujawahi kuona mto ukiganda.
Ruvuma ukipungua huacha mchanga, basi.

Bwana Mchopa, mkutubi mkuu, ana kanuni moja,
ameibandika juu ya meza ya mapokezi:
KISICHOOMBWA HAKIPIGWI MHURI.
Husema, Somoe, toleo moja ni jino moja,
halitafuni.

Namwelewa. Miaka tisa nafuta vumbi humu.
Nimeona zawadi zikila nafasi ya vitabu vya kemia
vinavyogombaniwa mwezi wa mitihani.
Tuliandika barua: ahsanteni, tafadhali msitume tena.
Tukaandika ya pili, yenye nembo ya chuo.
Jibu lilikuwa toleo la nne.

Kwa hiyo meza ya mlangoni, na kibao: CHUKUA, NI YAKO.
Wiki mbili. Kilichobaki huenda stoo,
na stoo ikijaa, Bi Akwinasia wa korosho huja na kapu.
Novemba nilinunua za mia tano pale Ligula,
nikafungua pakiti: mchoro wa unene wa barafu,
chumvi imetua juu ya mstari unaoshuka.
Nikasoma, nikitafuna,
hadi karatasi ilipochanika.

Siku zote nachana nailoni bila kutazama lebo.
Leo umeme umekatika, sina haraka, nimetazama.
DK. B. NANG'OLO.

Tulimzika Nanyamba, mwaka ule mvua ilipokata barabara.
Mwalimu wa hesabu za maji,
aliyerudisha vitabu kabla ya siku yake,
na uzi wa kushonea ukiwa umesahaulika katikati ya kurasa.
Kumbe kuna aliyeomba.
Huko linakotoka hawana habari;
kwenye orodha yao bado ana anwani,
bado anapenda kujua
mito ya watu inaganda lini.

Daftari la mapokezi lina safu ya "Mwombaji".
Sijawahi kuandika kitu humo.
Nimebandua lebo taratibu, kwa ukucha, nikaibandika hapo,
imekaa upande.
Mhuri sikuugusa.
Jarida nimelipeleka mlangoni, kama mengine.

Saa kumi kijana wa mwaka wa kwanza amesimama mezani,
amelipindua, ametazama ile picha nyeupe.
"Dada, mashamba haya ya chumvi ni ya wapi?"
Nikawa natafuta jibu.
Yeye alikwisha kulitia mkobani.