Safu ya Mwisho

Daftari la Idara lina safu sita:
tarehe, shehia, mwenyewe, mnyama, ugonjwa,
na ya mwisho, nyembamba kama ubua: matokeo.
Humo haliingii ila neno moja.
Kapona. Kafa. Kachinjwa.

Leo sijamaliza chai, Bi Mwanaate wa Shumba
kanitulia pakacha mlangoni:
kuku saba, shingo zimepinda
kama wanaosikiliza kitu chini ya ardhi.
"Jana walikuwa kumi na tisa," kasema.
Mahepe. Chanjo ilikuwepo mwezi uliopita,
mimi sikuwepo, pikipiki haikuwa na mafuta.
Hilo halina safu.

Kiuyu, punda wa Faki Hamadi
kachunika begani, nyama inachungulia,
inzi wamepanga.
"Mpumzishe wiki mbili," nikamwambia,
huku namwosha kwa maji ya chumvi.
Faki kamtazama punda, kayatazama mawe
ya nyumba ya mtu mwengine, kanitazama mimi.
"Na mimi, daktari, utaniandikia wiki ngapi?"
Kalamu nilikuwa nayo mkononi.

Mchana, Micheweni, Bi Time na mbuzi wake,
kamkumbatia kama mtoto mwenye homa.
"Kala karatasi."
"Karatasi gani?"
"Talaka yangu. Niliiweka chini ya mkeka,
nikenda kuanua mwani,
narudi, kaila yote na muhuri wake."
Nikamtegea sikio mbavuni: tumbo linasaga,
halina wasiwasi na mtu.
"Mbuzi mzima. Hiyo talaka kamuulize kadhi."
Bi Time kacheka mpaka mtandio ukamvuka,
kisha kanyamaza.
"Lakini ilikuwa moja," kasema,
"na eda imebaki siku tisa."
Nikaandika: mbuzi, jike. Ugonjwa: hakuna.

Usiku, Wingwi, ng'ombe wa Kombo Ngwali.
Ndama kaja kinyume.
Nikajifunga kibwebwe, nikalala kifudifudi kwenye mavi,
mkono ndani mpaka begani,
macho nimeyafumba, maana huko hayana kazi;
vidole ndivyo vinavyosoma: kwato, goti,
mkia pasipotakiwa mkia.
Kila mama alipokaza
mfupa wangu ukalia, nami nikalia nao.
Kombo kashika simu inimulikie,
chaji asilimia nne.
Kisha kitu kikaachia.
Ndama kateleza na joto lake lote,
kalala, hana sauti.
Nikamsugua kwa majani makavu,
nikamchokoa pua kwa unyasi,
mpaka kapiga chafya.
"Tumwite nani?" kauliza Kombo, na simu ikazima.
Tukacheka kizani kama wezi.

Nyumbani, Limbani, baba yu macho.
Miaka thelathini alikuwa bwana josho,
ng'ombe wa kaskazini yote akiwajua kwa pembe.
Sasa mimi huniita mgeni,
siku nyengine nesi.
Wanyama hawasemi panapowauma,
hilo nimelizoea.
Kwake sijazoea.

Nikampelekea uji. Kanusa mkono wangu,
kausogeza puani mara ya pili.
"Umezalisha," kasema.
Kisha kanishika taya,
kwa kidole gumba kalivuta chini kope la jicho langu,
kanielekeza kwenye taa,
vilevile alivyonifundisha zizini
nilipokuwa na miaka minane.
"Damu haba. Huyu anatumikishwa mno.
Mpeni majani mabichi."
Kageuka huku na huku chumbani.
"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ni wewe," nikamwambia.

Kanitazama miguu, mabega, meno.
Kafikiri sana, uji unapoa.
"Basi," kasema, "simuuzi."