Kifungo

Mwalimu Kokushubira aliandika ubaoni: KIFUNGO.
Darasa zima la jioni likaangua kicheko,
maana dirisha letu pale Keko
linatazamana na ukuta wa gereza.
Hakukasirika. Alijifuta chaki kwenye sketi:
«Kiko na cha shati pia. Kaeni.»

Akachora mawingu mawili.
Elektroni, alisema, msiihesabu kama punje ya mtama.
Ni wimbi. Usiiulize uko wapi,
iulize wapi umekolea.
Na mawingu mawili yakikutana
huzaa mawili, kamwe si moja:
la chini, limejaa katikati, ndilo linaloshika;
la juu, katikati yake pana ufa,
pasipo kitu.
«Na hilo la juu lipo,
hata kama hakuna aliyehamia.»

Umeme ukakatika. Tukawasha tochi za simu.

Kaboni sita, pete ya benzini.
Elektroni sita zimebaki: za nani?
Nikanyoosha mkono upesi. Mama anacheza upatu
na Mama Siwatu, na Chausiku wa mkaa,
wako sita, fedha inazunguka,
si ya mtu.
«Umekaribia, Shomvi. Ila upatu una zamu.
Hapa hakuna zamu. Wote sita wanazo,
wakati uleule, usiku na mchana,
ndiyo maana pete haivunjiki ovyo.»
Nilijaribu kuwaza upatu usio na zamu,
nikashindwa, nikaandika hivyohivyo.

Halafu rangi. Kwa nini nguo hupauka?
Jua huinyanyua elektroni moja
kutoka chini, kuipeleka juu kule penye ufa,
na kifungo hulegea.

Mama ana kanga nyekundu.
Baba alimnunulia Kariakoo
mwezi mmoja kabla hajaingia nyuma ya ukuta ule.
Miaka mitatu anaianika upande huo huo wa uzio.
Sasa imekuwa rangi ya ufizi.

«Mwalimu, ikishapanda, haishuki?»
Alikuwa anafuta ubao gizani,
sikuuona uso wake.
«Mara nyingi hushuka. Nyingi sana.
Huacha joto kidogo tu.»

Nilipofika nyumbani kanga ilikuwa bado nje.
Niliishika pindo.
Saa mbili usiku, na ilikuwa na uvuguvugu.