Kuanua Michembe

Nilishika ncha ya futi kamba mimi mwenyewe
mwaka ule wapimaji walipofika Nyamhongolo.
Walinilipa elfu saba na soda.
Nikavuka choroko, nikavuka jaruba,
nikasimama juu ya jabali la bibi Nkwimba,
anikio la michembe tangu mama hajazaliwa,
mpimaji akapaza sauti, "Hapo hapo, kaza!"
Ikaandikwa kwa rangi nyekundu: Kitalu D, 118.

Jabali lile sasa ni kokoto.
Nadhani limo ndani ya nguzo za ghorofa hilo,
lisilo na madirisha bado,
la mtu wa Kahama ambaye hatujamwona.

Bibi hakulia. Aliuza, akavuta maji,
akanunua jokofu, anauza barafu za ubuyu
kwa watoto asiojua ukoo wao.
"Taa nzuri," asema. "Nyoka nawaona."
Ila ghorofa limemkalia ziwa.
Mvua ya kutoka majini haioni ikija.

Kwa hiyo alasiri za Oktoba
mlinzi, kijana wa Ukerewe, humfungulia mabati,
naye hupanda ngazi zisizo na kingo,
polepole, ungo kichwani,
hadi ghorofa ya tatu, alikotandaza michembe juu ya zege.
Hutazama kule Kayenze, weusi unavyojikusanya.
Kisha hutuita sisi tulio chini,
mimi, fundi rangi, mama wa chipsi,
kwa sauti ile ile ya shambani:
"Anueni! Inakuja!"

Na mtaa mzima, wenyeji na wapangaji,
hukimbilia kamba za nguo.