Mia Tatu Kasoro Kimoja

Nina viti mia tatu vya plastiki, buluu,
na daftari lenye doa la mafuta ya taa.
Wengine huhesabu mwezi kwa mshahara.
Mimi huhesabu kwa vilivyotoka na vilivyorudi.

Kila kiti kina namba mgongoni, rangi nyeupe,
mwandiko wa marehemu Mkude,
aliyeikata saba yake kistari kiunoni
kama masista wa Matombo walivyomfundisha.

Mfungo Sita, guta la Chande linabeba mia
kwenda kwenye maulidi Temeke kwa Sokota.
Vinarudi alfajiri vinanukia udi,
punje ya pilau imejificha chini ya mkono wa kiti
na mimi nachokoa kwa njiti, sina haraka.

Pasaka vinarudi na nta.
Usibandue nta kwa kisu. Maji ya baridi, kisha ukucha.

Mei Mosi wanachukua mia na hamsini,
wanaimba mshikamano daima
na kunilipa mwezi wa nane.

Sabasaba, Barabara ya Kilwa haipitiki.
Kipaza sauti kinatangaza: mtoto Shukuru,
kaptula ya njano, kiatu kimoja,
anamsubiri mama yake banda la maziwa.
Nami nimesimama nje ya banda hilohilo
nahesabu, mama hatokei, nahesabu upya.

Viti vya mkole wa Mbagala hurudi safi.
Mwali anatolewa, kanga zinapepea,
nani akae
wakati ngoma imeshaingia kiunoni?

Diwali, Mama Jayshree wa Kisutu anataka thelathini tu.
Anavirudisha na vumbi la chokaa za rangi,
na boksi la laddu ambalo Chande
hulifikisha limepungua.

Desemba mabasi yanawabeba Wachaga,
mji unapumua,
viti vyangu vinabebana uani hadi darini.

Kimoja hakimo.
Namba mia mbili kumi na saba,
kilipotea Idi Mosi, miaka mitatu sasa.
Nilipiga simu, nikatukana, nikaomba radhi.
Bango langu bado linasema mia tatu.
Mimi najua.

Basi mwaka huu, Kijiji cha Makumbusho,
wiki ya Wamwera.
Nimepeleka mia na ishirini, nimevipanga mwenyewe.
Vumbi la ngoma limepanda mpaka kwenye majani ya mwarobaini,
na pembeni, karibu na moto wa kukazia ngozi,
naona kiti kilichopauka kama maziwa mgando,
mpiga ngoma amekikalia kinyume
na mgongo wake unanitazama:
mbili, moja, saba.
Saba yenye kistari.

"Hiki umekitoa wapi?"
"Tandika," akasema kijana, jina lake Nambole,
"elfu tatu, kwa mtu aliyekuwa na haraka."
Akanisoma usoni. Akainuka.
"Kaa, mama."

Sikuwa nimewahi kukaa.
Miaka kumi na tisa ya sherehe za watu,
nimesimama mlangoni na kalamu sikioni.
Nikakaa. Mguu mmoja unayumba.
Ngoma ikapanda kwa mguu huo huo mbovu,
ikaja gotini, ikaja hapa,
na wanawake wa Nachingwea na wa Ruangwa
wakapita mbele yangu wakitikisa mabega,
na mmoja akanitupia kitambaa chake
kana kwamba ananijua.

Saa moja usiku tulipakia.
Chande akauliza, na hiki cheupe?
Nikaandika kwenye daftari:
Makumbusho, vilitoka 120, vilirudi 120.
Saba ya Mkude nikaiacha pale,
Nambole tayari ameikalia tena, kinyume vilevile,
anakung'uta vumbi kwenye ngoma.

Kesho Gongo la Mboto wanataka hamsini.
Sijauliza ni sherehe gani.
Nimemwambia Chande apakie hamsini na kimoja.