Vitenzi Vitupu

Rosalba hunisemesha kwa vitenzi vitupu.
Kufagia. Kupika. Baba kuoga, halafu kulala.
Amevivua nafsi, amevivua wakati,
kama mtu anayemmenyea mgonjwa kiazi,
na sauti anaipandisha
kana kwamba Kiitaliano kimenikwama masikioni.

Masikio yangu mazima. Nilicho nacho ni maneno mia nane.
Nimeyahesabu kwenye daftari, usiku, hapa Bari,
na ishirini kati yake ni majina ya sabuni.
Kwa mia nane utaomba chumvi,
utasema daktari amekuja.
Hutasema: daktari amekuja, lakini macho aliyaacha kwenye saa.
Mzaha usahau kabisa.

Jumanne, duka la dawa.
Mfamasia akaninyanyulia kidole: Ki-mo-ja. Asubuhi.
Kidole!
Miaka ishirini na sita nimesimama ubaoni Kutaisi
nikiwaambia watoto wa mafundi magari
kwamba sifuri si ukosefu, ni namba yenye kiti chake.
Nikasoma boksi. Nikasoma karatasi ya daktari.
Kwenye karatasi, tano. Kwenye boksi, kumi.
Neno la "maradufu" sikuwa nalo.
Nililokuwa nalo ni "nyingi", nikalisema,
nikalirudia, ukucha wangu juu ya ile tano.
Akatabasamu kama anayembembeleza mtoto asiyetaka uji.
"Mama, kumeza tu. Hakuna kuogopa."
Nyuma yangu foleni ikakohoa.

Nyumbani nikachukua kisu cha vitunguu saumu
nikakipasua kidonge katikati.
Mzee Donato akameza nusu, akalala salama,
na Rosalba akanisifu: Tsiala mzuri. Tsiala kuelewa.

Jumapili ni siku ya simu. Nampigia Manana,
na vitenzi vyangu vinavaa nguo zao zote:

Dada, jana nimecheka, hadi mbavu zikauma,
Babu koti kajivika, vifungo vikawa nyuma,
Kwa kioo akafika, kainama kwa heshima,
Akajibiwa haraka, kwa adabu nzima-nzima.

Huku naitwa mpole, kwa kuwa sina maneno,
Wanijua toka shule, ulimi kama sindano,
Wakisema hili lile, naitikia kwa meno,
Nduguyo ni yuleyule, ila kafungwa mikono.

Salio likakatika. Mlangoni, Rosalba: "Kumaliza?"
Ndiyo, nikasema. Kumaliza.

Nisijitie utakatifu.
Jumatatu nilikwenda kwa Shofiqul, Mbangladeshi wa matango pale Libertà.
Amefika juzi, maneno yake hayatimii mia,
na nikajisikia, mimi, binti wa mpiga chapa,
nikipaza sauti: "Wewe kupima! Kupima vizuri! Kuelewa?"
Akapima. Matango, bilinganya,
vitunguu vilivyoanza kuchipua, kwa bei ya kutupa.
Jumla akaitaja kabla sijafungua pochi,
hadi senti ya mwisho.
Kisha akaniitikia kwa meno.
Niliyajua meno yale. Kila asubuhi nayavaa.
Nilitaka kumwambia jambo, nikasimama na mfuko mkononi,
watu wakinipita.
Hata kwa Kijojia lisingetoka lote.

Kidonge naendelea kukipasua.
Nusu leo, nusu kesho, makombo nayalamba kidoleni mwa Babu
ili pasipotee hata chembe.
Boksi la siku thelathini litafika sitini.
Mwisho wa mwezi Rosalba atafungua droo,
atakuta nusu nzima imebaki,
na atasema, kwa sauti ya kuamsha jengo,
Tsiala kutojua kuhesabu.

Na aseme.
Tangu jana nina maneno mia nane na moja.