Fomu ya Safu Nne

Jumatatu saa mbili, Barabara ya Lunga Lunga,
nimesimama mlangoni mwa kiwanda cha katoni
na kalamu mbili, maana moja hukauka.
Fomu yangu ina safu nne:
jina, kazi, ujuzi, pengo.

"Pengo?" akauliza Apondi wa gundi,
akacheka mdomo wazi, akanionyesha la kwake,
jino la mbele aliloliacha kwa daktari wa Ahero.
"Basi andika. Hili halihitaji mafunzo."

Ofisi ya juu walikwisha kuamua.
Bajeti ilikuwa na jina la hoteli tayari:
siku tatu Naivasha, uongozi na maono,
fulana za njano, picha ya pamoja, viboko kwa mbali.
Ukaguzi wa ujuzi, waliniambia, ni wa kunenepesha faili.
Nikachukua faili. Nikashuka ngazi.

Mulatya, miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kukata.
Ujuzi? "Naijua."
Unaijuaje? Akanitazama
kana kwamba nimemuuliza anamjuaje mamaye.

Lakini ile aliyoijua iliuzwa Februari, kwa kilo, chuma chakavu.
Mahali pake imesimama nyingine yenye kioo,
Kichina upande huu, Kiingereza upande ule,
na mwanga unaobadilika rangi.
Kioo kikiwa chekundu, Mulatya huenda msalani.
Akirudi, ni kijani.
Ujuzi hauzeeki, tulifundishwa shuleni.
Hatukufundishwa pa kuuweka mashine ikiuzwa.

Niliandika: "Hodari, mzoefu."
Kisha nikakaa juu ya kreti, nikafuta.
Huruma nayo ni namna ya kumficha mtu.

Nani hubonyeza, Mulatya akiwa msalani?
Hakuna aliyejibu.
Macho yakaenda kwenye ufagio,
na ufagio ulikuwa na mwenyewe.

Kageha. Kazi: sakafu.
Safu ya ujuzi ameandika "kufagia tu,"
na hilo "tu" nimelikuta kwenye fomu kumi na nne,
limeandikwa kwa mikono tofauti, dogo, pembeni,
kama mtu anayeomba radhi kwa kuketi.

"Fundi wa mashine alikuja siku mbili," akasema,
"akawafundisha wasimamizi. Nilikuwa hapo nikipiga deki.
Wao wakiinua miguu nipitishe tambara,
mimi nikiinua macho."

Jioni nilijumlisha kwenye meza ya kantini,
sukari ikinata chini ya viwiko.
Wafanyakazi sitini na wawili.
Kumi na mmoja hukikimbia kioo.
Msimamizi mmoja hajui asilimia, hupaza sauti badala yake.
Anayehitaji viboko: sikumwona.

"Na maono?" akauliza meneja.
Nikamwambia waanze na kuona.
Hakucheka. Alipekua kurasa, akarudi nyuma,
akakaa sana kwenye ile ya asilimia.

Naivasha haikufutwa, nisiwadanganye.
Ilipunguzwa: siku moja, wakubwa watano, fulana zilezile.
Kilichobaki kilinunua saa moja kila Alhamisi,
mashine ikiwa imezimwa kwa wateja, imewashwa kwa watu.

Alhamisi ya kwanza Kageha alisimama mbele
ufagio ungali mkononi, hakuna aliyemwambia auweke.
(Malipo yake ya ualimu "yanajadiliwa."
Nimeiandika tarehe. Nitauliza tena.)
Akagusa alama ndogo ya dunia kwenye pembe ya kioo,
akateremsha orodha ndefu ya lugha,
akagusa mara moja.
Kichina kikaondoka. Kiingereza kikaondoka.
Miezi minane Kiswahili kilikuwa humo ndani,
na sote, mimi na faili langu, tukipita nje.

Akaibana karatasi makusudi.
Kioo kikawa chekundu.
Mulatya akainuka kwa mazoea, akautazama mlango wa msalani.
"Usibonyeze," Kageha akasema. "Soma kwanza."

Akasogea. Midomo ikatangulia sauti:
Karatasi imekwama. Fungua mlango wa kushoto.

"Aa," akasema Mulatya,
mkono tayari uko kushoto,
"hiyo naijua."